Mwenye Njia ya Mkeka

Mtaani kwetu hapa Shangani wananishauri nimwache marehemu apumzike, na yule aliyemwibia nimwache aendelee na maisha yake. Nimewasikia. Lakini mimi ni fundi cherehani, na nguo ikishonwa kwa hila siwezi kuivaa nikatulia. Lazima niifumue.

Marehemu alikuwa mhandisi wa jeshi aliyestaafu. Nyumba yake na yangu zilitenganishwa na ua wa michongoma tu, kwa hiyo kikohozi chake nilikijua kabla sijaijua sura yake. Jina alikuwa nalo, na limeandikwa vizuri kaburini. Sisi tulimwita Afande, wakubwa kwa wadogo, na hata sheikh wa msikiti wetu alikuwa akimwita hivyo.

Kitu cha kwanza alichojulikana nacho ni viti. Afande hakukaa kwenye kiti kabla ya kukitikisa. Ukimkaribisha nyumbani, ukimkaribisha harusini, alikamata mgongo wa kiti kwa mikono miwili akakisukasuka, na wenyeji wakibaki wameduwaa. Kiti kilicholegea sana alikitoa nje. Lakini kile kisichocheza kabisa, ambacho wewe na mimi tungekisifu, alikitazama kwa huzuni akasema, "Hiki kimekazwa mno. Kitapasuka." Kisha alikalia jamvi.

Kwangu alikuja na mashati yake ya kaki nigeuze kola. Alipokuja kuyachukua hakuangalia nje ya shati. Aligeuza ndani, akavaa miwani, akaufuata mshono kwa kidole toka kwapani mpaka pindoni. "Nje ni salamu, Fundi," alikuwa akiniambia. "Ndani ndiyo tabia." Mara mbili alinirudishia kazi nifumue. Nilimtukana kimoyomoyo nikafumua, kwa sababu alikuwa na haki.

Alikuwa mtu wa visasi, na sitampamba kwa sababu amekufa. Kuna kijana wa bodaboda alimrushia maji ya dimbwi siku ya Ijumaa akiwa na kanzu nyeupe, akapita bila hata kugeuka. Mwezi ukapita. Siku moja pikipiki ya yule kijana ikanasa kwenye mchanga karibu na ufuko, ikazidi kuzama kila alipokanyaga mafuta. Afande akafika, akasimama pembeni mikono nyuma, anatazama.

"Baba, nisaidie kusukuma," kijana akasema.

"Leo kanzu yangu ni kavu," Afande akajibu.

Kijana hakuelewa. Akaendelea kuhangaika mpaka jasho likamwingia machoni, ndipo akakumbuka. Akaomba radhi vizuri, kofia mkononi. Afande akamwambia apunguze upepo kwenye matairi, na pikipiki ikatoka kwa kusukumwa na mtu mmoja. Angeweza kumwambia tangu mwanzo. Mimi nilikuwa napita na kikapu changu, nikamcheka yule kijana mpaka mbavu zikaniuma.

Tena alifuga jogoo, akamwita Mshauri. Asubuhi mtaa mzima ulisikia, "Mshauri, toka jikoni! Mshauri, unakula usichopanda!" Wageni walidhani mzee ameanza kurukwa na akili. Sisi tulijua jina hilo ni la nani: yule aliyemwibia. Sheikh naye alijua, na siku moja baada ya swala ya alasiri alimfuata mpaka barazani kwake, mimi nikiwa hapo napima suruali.

"Afande, samehe. Mwachie Mungu."

"Nimemwachia, Sheikh. Ila mimi ni shahidi wa kesi, na shahidi haondoki mahakamani."

"Utakufa na kinyongo."

"Tope halisamehe," Afande akasema. "Nimefanya nalo kazi miaka yote. Halisamehe, na wala halina haraka."

Sheikh akanigeukia mimi nimsaidie. Nikajifanya nina pini mdomoni.

Sasa nieleze huyo Mshauri alichukua nini. Kule chini, karibu na mahali Ruvuma inapoingia baharini, kuna kijiji kilichokatwa na mkono wa bahari uliojaa mikoko. Maji yakijaa unavuka kwa mtumbwi. Yakitoka linabaki tope linalomeza mguu mpaka paja, na hapo mtumbwi haupiti na mtu hapiti. Wajawazito walikuwa wanasubiri maji huku uchungu umeshawakamata. Wenye ndugu upande wa Msumbiji walikaa na samaki wakavu na mihogo ya kuwapelekea, wakitazamana na barabara wasiyoweza kuifikia. Watu walimwaga mawe, yakazama. Wakalaza magogo, yakachukuliwa na maji. Likajengwa zege, likapasuka katikati hata chokaa haijachujuka.

Afande alipangiwa huko na kikosi chake wakati bado yuko kazini. Aliporudi likizo alinikuta mashineni akaniuliza, bila salamu, "Fundi, kwa nini mkeka haupasuki?" Nikamwambia sijui, mimi nashona nguo, awaulize wenye mikeka. Chini yake alikuwa na luteni kijana, mchoraji hodari, ambaye mama yake aliishi Mpapura, mshonaji wa mikeka wa kusifika. Wakaenda wote wawili. Luteni alikaa nje chini ya kivuli na simu yake. Afande aliingia uani, akavua viatu, akakaa na yule mama.

Mkeka wetu, kwa asiyejua, hausukwi wote kwa pamoja. Zinasukwa kwanza shupatu, yaani vipande virefu vyembamba, kisha vinashonwa ubavu kwa ubavu. Yule mama alimwonyesha kushona, akamwachia ajaribu. Afande, kwa mkono wa kijeshi, akavuta uzi kwa nguvu, na mkeka ukajikunja pembe. Yule mama akamchapa kidole kwa sindano. "Usivute uzi mpaka nwisho, baba. Nkeka unataka kupumua. Ukiukaza utaukata." Afande alinisimulia hilo jioni ileile, anacheka, ananionyesha kidole. Tangu siku hiyo alimwita yule mama Mwalimu.

Mama alijua mikeka. Kugeuza mkeka kuwa njia ya kupitisha mgonjwa juu ya tope, hilo lilikuwa kichwa cha Afande peke yake. Alitengeneza shupatu za mianzi, kila moja nyembamba na ndefu, chini yake mapipa ya plastiki yaliyozibwa. Akazishona ubavu kwa ubavu kwa kamba za mpira zilizokatwa kwenye matairi ya malori, na kila mshono akauacha umelegea kwa makusudi. Pembeni akasimika nguzo, akaifunga njia kwenye nguzo hizo kwa pete zinazopanda na kushuka. Maji yakitoka, njia inalala juu ya tope, kila shupatu inakaa pale inapoona panafaa bila kumvuta mwenzake. Maji yakijaa, njia inapanda nayo. Hakuna aliyewahi kuona kitu kile hapa kwetu, wala wahandisi waliotoka mbali kuja kukitazama hawakuwa wamekiona kwao. Nilikwenda kuipita mwenyewe. Ilicheza chini ya miguu kama kitanda cha kamba, nikapiga kelele, na wanawake wa kijiji wakanizomea kwa mapenzi.

Ile njia ilikaa miaka, mpaka mianzi ikachoka kwa uzee wa kawaida. Katikati ya miaka hiyo Afande alistaafu, na yule luteni akaacha jeshi akawa mshauri wa miradi, mwenye gari na ofisi. Michoro aliichora yeye kwa mkono wake, akiambiwa na Afande mstari kwa mstari, na mkono huo ukamdanganya kuwa na kichwa ni chake. Siku moja tuko mgahawani tunakunywa chai, televisheni ikamwonyesha amevaa suti, anapewa ngao ya ubunifu kwa "njia inayoelea aliyoibuni alipokuwa afisa kijana". Watu wakamgeukia Afande. Alimaliza chai yake, akasuuza kikombe mwenyewe, akatoka. Alinunua kiroba cha unga na dumu la mafuta, akapanda gari akaenda Mpapura kwa yule mama.

Hilo ndilo lililonichanganya zaidi kwake. Baada ya televisheni alimhudumia yule mama kuliko mwanawe wa kumzaa alivyomhudumia. Paa likivuja alipanda kuziba. Wakati wa korosho alimtafutia vibarua. Nilimwuliza ana wazimu gani. "Mama yake hajaiba kitu," akasema. Kisha akaongeza, "Na siku atakapojua mwanawe ni nani, nataka ajue na mimi ni nani." Yule mama alikuwa hajui lolote. Ukutani alikuwa na picha ya mwanawe ameshika ngao, na Afande alikunywa uji chini ya picha ile bila kusema.

Kulalamika alilalamika mara moja, kwa wakubwa wake wa zamani. Akajibiwa kwamba kazi ya jeshi ni ya jeshi, haina jina la mtu. Alisema jibu hilo angelikubali kwa moyo mmoja, kama lingekuwa limemfikia na yule mwenye ngao. Hakurudi tena kulalamika. Akasubiri.

Njia ilipochoka, ikatangazwa itajengwa upya, na msimamizi akawa Mshauri. Siku ya uzinduzi nilikwenda, nikamburuta Afande ambaye hakutaka. Kulikuwa na maturubai, ngoma, na kibao cha marumaru chenye jina la Mshauri kama mbunifu. Lazima niseme ukweli: njia ilikuwa imejengwa sawasawa, michoro ilikuwa ileile na mafundi waliifuata. Mgeni rasmi akapanda, hatua chache, njia ikacheza chini yake kama inavyotakiwa. Akashtuka, akashika bega la mlinzi wake.

Mshauri akawahi kipaza sauti. "Mheshimiwa, tunaomba radhi. Mishono imelegea kidogo, ni kosa la mafundi. Itakazwa yote, nakuhakikishia."

Wanawake waliokuwa nyuma yangu, wa kijiji kile na wa vijiji vya jirani, walicheka kwanza kwa pua, kisha kwa sauti. Mmoja akasema, "Mama yake anashona mikeka, yeye anaombea radhi nshono!" Kicheko kikapita turubai mpaka turubai. Mshauri alitabasamu, akadhani wanamfurahia. Nilifurahi siku ile kuliko siku ya harusi yangu. Nikamgeukia Afande nifurahi naye, nikakuta uso wake umekwisha rangi.

"Atakaza kweli," akasema.

"Akaze! Aaibike!"

"Maji bamvu yakija itakatika, Fundi."

Yale ni maji makubwa ya mwezi mpevu, kila mtu wa pwani anayajua. Nilimwambia yakija yaje. Njiani kurudi hakusema kitu, na mimi sikumsukuma, kwa sababu nilitaka anyamaze. Angeweza kupiga simu, na hakupiga.

Mishono ikakazwa kwa bolti za chuma. Bamvu likaja, upande mmoja ukataka kupanda, upande wa pili umenasa kwenye tope, na njia ikachanika katikati. Asubuhi ilikuwa vipande viwili vinavyogongana. Hakufa mtu. Lakini wajawazito wakarudi kusubiri maji, na mwalimu wa shule ya kule akavuka tope kwa tumbo akiwa ameweka vitabu kichwani. Mafundi wakaunga tena kwa bolti kubwa zaidi, na bamvu lililofuata likachana pabaya zaidi.

Ndipo gari la Mshauri likasimama kwenye ua wetu wa michongoma. Nilikuwa kwa Afande nampelekea shati. Mshauri alishuka na katoni ya juisi na kikapu cha matunda.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba. Karibu. Kiti hicho, kitikise kwanza."

Akadhani ni utani, akakaa. Alizunguka na maneno, hali ya hewa, bei ya korosho, presha ya damu. Mwishoni akasema, "Afande, ile njia inanishinda. Nimekuja unipe ushauri. Na kama kuna mahali nimekukosea, unisamehe."

"Ondoa 'kama'," Afande akasema.

"Sijaelewa."

"Umesema kama umenikosea. Ondoa hilo neno, halafu useme tena."

Mshauri akanitazama, akatazama kikapu chake. Kwetu neno hilo ndilo la kuombea radhi, sote tunalisema, sikukuu na misibani, na aliyeombwa hujibu nimesamehe hata hajauliza kosa. Yule mtu alikuja nalo kama ufunguo wa mlango anaoujua. Alijaribu tena, akasema "iwapo". Afande akatikisa kichwa. Akajaribu "yale yaliyotokea". Afande akamwita jogoo wake kwa jina, kwa sauti kubwa, akamrushia mtama. Nilitamani yale yasiishe.

"Afande, watu wanateseka kule," Mshauri akasema, sauti imepasuka.

"Najua wanavyoteseka, nilikaa nao. Dawa yake ninayo na nitakupa. Kwanza nenda Mpapura ukamchukue mama yako, umlete kivukoni. Utasema mbele yake ulichofanya, bila 'kama'."

"Mama ni mzee. Usimwingize mama."

"Wewe ndiye utakayemwingiza. Mimi sijamwambia neno, miaka yote hii."

Walikuja. Maji yalikuwa yametoka, tope linang'aa, na kijiji kizima kilikuwa kimejipanga pande mbili. Afande tayari alikuwa mgonjwa wa moyo, na ile ndiyo siku ya mwisho kumwona akitembea kwa miguu yake. Yule mama alikaa kwenye mkeka aliotandikiwa, mdogo, macho makali. Mshauri alisimama mbele yake bila kipaza sauti. Alisema. Alisema polepole, lakini alisema yote: kwamba njia ni ya Afande, kichwa ni cha Afande, yeye alichora tu, na ngao aliichukua akijua. Kisha akamgeukia Afande akasema, "Nimekukosea. Nimekuibia."

Watu wote wakasubiri jibu linalojulikana.

"Umesikika," Afande akasema. "Fungua bolti."

Basi. Mshauri akavua viatu, akakunja suruali ya suti, akaingia topeni na spana, Afande akiwa juu ya kiti anamwelekeza, legeza hapo, zaidi, bado, legeza. Mimi nilipiga vigelegele peke yangu. Nilijua havifai na nikavipiga.

Nilikuwa bado navipiga yule mama alipoinuka. Alitembea mpaka penye kiti cha Afande, nikamsogelea nimshike mkono, akaukataa.

"Baba," akasema, "ulijua toka lini?"

"Tangu siku ya televisheni, Mwalimu."

"Nawe ukaja kwangu siku ileile."

"Ndiyo."

"Ungeniambia mimi. Mimi ndiye mama yake. Ningempiga nkanda mbele ya ntu yeyote, na juma lilelile angekurudishia chako. Umekaa kwenye nkeka wangu miaka yote, unaniangalia namfuta vumbi picha yake, unajua. Kwa nini?"

Afande aliangalia tope.

"Nilitaka aumie," akasema.

"Haya, ameumia. Mimi nilikufanya nini?"

Yule mama alirudi mkekani, akakaa akiwa ametupa mgongo, mpaka kazi ikaisha na watu wa kwanza wakavuka. Kibao cha marumaru kiling'olewa wiki ileile, na kingine kimewekwa chenye jina linalostahili. Nimekwenda kukisoma mara nyingi na kila mara kinanipa raha. Lakini Afande hakuwahi kwenda kukiona. Alikuwa akisema akipata nafuu atakwenda kwanza Mpapura. Alinipa hata shati la kaki nilinyooshe kwa safari hiyo. Hakupata nafuu.

Yule mama alikuja msibani. Alikaa ndani na sisi wanawake, akala kidogo alichopewa, akamlilia marehemu kwa machozi ya kweli. Watu walipopungua nilimsogelea, kwa sababu kulikuwa na swali lisiloniacha na nilitaka aniondolee.

"Mama, umemsamehe?"

Alifuta uso kwa pindo la kanga, akafikiri.

"Hakuja kuniomba," akasema.